Mama Spika na Upande wa Kushoto

Saa moja na nusu asubuhi jua linapenya kwenye matundu ya ukuta wa chumba cha mashine ya kusaga, na vumbi la unga linaelea ndani ya mwanga huo taratibu, kana kwamba halina haraka ya kutua. Katikati ya vumbi hilo amesimama mwanamke mwenye kilemba kilichoshuka hadi kwenye nyusi. Kope zake zimekuwa nyeupe pepepe, utadhani amezeeka tangu jana. Kiganja chake cha kulia kimelala juu ya bati la mashine.

Mashine inanguruma. Wateja sita waliojipanga na ndoo zao wanazungumza kwa ishara, maana humu ndani ukimpigia mwenzako kelele ataona mdomo ukifunguka tu. Mwanamke huyu hazungumzi hata kwa ishara. Amefumba macho. Masikioni amevaa viziba masikio viwili vikubwa vya rangi ya chungwa, vile wanavyovaa mafundi wanaovunja barabara.

Ghafla anafumbua macho, anainua debe la mahindi na kulimimina kwenye mdomo wa mashine. Punje za debe lililotangulia zilikuwa zimebaki kiasi cha ukufi mmoja. Hakuchungulia hata mara moja.

Mashine inapozimwa ili chekeche libadilishwe, kimya kinaangukia chumba chote na mteja mmoja anapata nafasi aliyokuwa akiingojea.

“Rubani, leo tunatua saa ngapi?”

“Tukifika nitawatangazia,” anajibu mwanamke, akivuta kiziba kimoja pembeni. “Wewe funga mkanda tu, na hiyo ndoo yako usiiache njiani.”

Mtaani anajulikana kama Mama Spika. Ana umri wa miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza kando ya mashine hii ya mtu. Msimu wa mavuno husaga hadi magunia thelathini kwa siku, amesimama palepale, kwa sababu swichi ya mota iko ukutani upande wake wa kushoto, kando ya mota yenyewe, na kazi haimruhusu kusogea mbali nayo.

Huko kushoto, kwenye mota, ndiko sikio lake moja lilikopotelea. Daktari amemwambia lililopotea halirudi, na kwamba asipojihadhari la kulia nalo litafuata. Kwa watu wengi hiyo ingekuwa habari mbaya ya kawaida, ya kusikitikia na kuizoea. Kwa Mama Spika ni habari iliyomkata maini, kwani kitu anachokipenda kuliko vyote duniani, ukiondoa watu wa nyumbani kwake (na wao wenyewe hawana uhakika sana na hilo), ni kukaa kwenye kiti kimoja kila Jumapili mchana na kusikiliza santuri kwa masikio mawili.

*

Sebule yake ina upana wa hatua nne na urefu wa hatua tano. Mgeni anayeingia mara ya kwanza huwa anajikwaa, kwa kuwa spika mbili zinazomfika kiunoni hazikuegemea ukuta kama watu wengine wanavyoziweka. Zimesogezwa mbele kiasi cha mkono mmoja, zikageuzwa kidogo kuelekea ndani kama watu wawili wanaomsubiri mtu wa tatu aanze kusema. Mtu wa tatu ni kiti cha mbao chenye mto wa bluu, kilichowekwa peke yake katikati ya chumba.

Umbali kati ya spika na spika, na kati ya kila spika na kiti, ni mmoja. Anaupima kwa uzi wa kushonea magunia wenye mafundo mawili, ambao hutundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Ukuta wa nyuma umefunikwa blanketi zito ili sauti isirudi. Televisheni ilihamishiwa chumbani miaka mingi iliyopita na hakuna kikao kilichoitishwa kujadili uhamisho huo.

“Watu wanafikiri napenda kelele,” anasema. “Mimi na kelele tunaonana kazini, inatosha. Hapa napunguza sauti mpaka mtu aliyeko jikoni anauliza kama nimewasha. Ukikaa hapo kitini ukafumba macho, ukuta unaondoka. Mpiga gitaa anakuja kukaa karibu na dirisha. Mwimbaji anasimama pale mbele ya kabati la vyombo. Ngoma ziko mbali huko nyuma, nyuma kuliko ua wetu ulipoishia. Chumba changu kinakuwa kikubwa.”

Anapolisema hilo anaonyesha kwa mkono, dirishani, kabatini, mbali huko. Kwa dakika nzima macho yake hayapo kwa mgeni wake, na mgeni anajikuta naye anatazama kabati la vyombo akitarajia kumwona mtu.

Ugonjwa huu, kama mumewe anavyouita, ulimwanza akiwa na miaka ishirini na mbili. Alikuwa mfagiaji katika kituo kimoja cha redio. Siku moja alikuwa akifuta vumbi kwenye chumba cha kurekodia, fundi mitambo akamwambia akae kidogo asikilize jambo. Akamwashia wimbo wa bendi ya zamani. Alikuwa ameusikia wimbo huo maisha yake yote kwenye redio ya jirani, kwenye harusi, madukani.

“Nikamsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kuanza,” anasimulia. “Pumzi tu. Nikageuka nyuma nikidhani kuna mtu ameingia. Yule fundi alicheka akakaa chini. Mimi nililia, na ufagio mkononi. Nilijiona mjinga, lakini nililia.”

Kituo kilipopunguza wafanyakazi, unga wake ukamwagika pamoja na wa wenzake, na ndipo alipokwenda kuutafuta kwenye mashine, utani ambao ameuzoea kiasi kwamba huutoa mwenyewe kabla hujamtolea. Lakini ile pumzi hakuisahau. Ilimchukua miaka kumi na moja kukusanya vyombo. Amplifaya ilitoka kwenye ukumbi uliokuwa ukifungwa. Masanduku ya spika yalitengenezwa na seremala aliyedhani anatengeneza makabati mawili madogo ya nguo na aliyeuliza mara tatu milango itakaa wapi. Mashine ya santuri aliikuta kwa fundi redio mmoja mwembamba ambaye wote humwita Waya, ikiwa imewekewa sufuria la gundi juu yake. Santuri zenyewe sasa ni hamsini na nane.

*

Nyumbani hakuna anayeugua naye.

Mumewe ni fundi bomba, mtu wa maneno mengi na kicheko kinachomtangulia mlangoni. Kwake muziki ni kitu cha kuendea nacho kazi, na simu yake iliyopasuka kioo inamtosha kabisa.

“Wimbo si ni ule ule?” anasema akimkonyeza mgeni. “Maneno ni yale yale, mwimbaji ni yule yule. Mwenzangu ananiambia, baba watoto, sikiliza hiyo fidla inavyoingia. Nasikiliza. Naona imeingia. Sasa nifanyeje, niifungie mlango?”

Mama mkwe, ambaye anaishi nao, amekula chumvi nyingi: ana miaka sabini na minane na vidole visivyotulia. Hufuma vitambaa. Kila kitu ndani ya nyumba hiyo kilicho na mgongo bapa kimevalishwa kitambaa chenye maua, na katika macho yake spika mbili zenye urefu huo zilizokaa uchi katikati ya sebule ni aibu kwa ukoo. Alizifunika. Mkwewe akazifunua. Akazifunika tena, safari hii na chombo cha maua juu. Vita hivyo viliendelea miaka miwili bila yeyote kupandisha sauti, vitambaa vikikunjwa kwa heshima na kurudishwa kabatini kila Jumapili, na kutoka tena kila Jumatatu Mama Spika akiwa kazini.

“Mimi nilimwambia, mwanangu, hata maiti anafunikwa,” anasema bibi huyo, na hapo mwanawe anavunjika mbavu.

Hawakuwa wakiichukia raha yake. Walimwachia saa na nusu yake ya Jumapili kama mtu anavyoachiwa kusali. Walipita kwa kunyata, walifunga mlango wa jikoni, na hawakuingilia. Hawakuuliza wala hawakutoa maoni, kwa kuwa waliamini hayo ni mambo ya wanaojua.

Heshima hiyo ndiyo iliyowaponza.

*

Yapata mwaka mmoja na nusu uliopita, mpiga gitaa aliacha kuja dirishani.

Ndivyo Mama Spika anavyolieleza. Alikaa kitini, akafumba macho, na gitaa ambalo miaka yote hukaa upande wa kushoto likawa limesogea katikati, limebanana na mwimbaji. Wiki iliyofuata likawa limefifia zaidi. Akaisafisha sindano. Akakaza waya. Akapima upya kwa uzi wake wenye mafundo mawili, akakuta kila kitu kiko sawa sawa.

Akaibeba spika ya kushoto hadi kwa Waya, naye akaifungua, akaipima, akaifunga. “Nzima,” alisema.

Akabadilisha, ya kulia akaiweka kushoto na ya kushoto kulia. Kushoto kukabaki dhaifu. Akairudisha kwa Waya, safari hii na amplifaya juu.

“Nzima zote, mama,” Waya alimwambia. “Zina afya kuliko mimi.”

Basi lazima ni chumba. Aliliondoa pazia la dirisha la kushoto, akalirudisha mara mbili. Alimkosesha mumewe usingizi wa mchana ili wahamishe kabati la vyombo. Mwishowe aliigeuza sebule yote, spika zikahamia ukuta wa pili na kiti kikatazama kulikokuwa nyuma. Siku hiyo alikaa kitini kwa matumaini makubwa, mikono juu ya magoti. Upande wa kushoto ukamfuata huko huko, dhaifu vile vile, akarudisha kila kitu kilipokuwa.

“Nilishuku kila kitu ndani ya nyumba ile,” anasema. “Nilishuku ukuta. Nilimshuku Waya kwamba ananidanganya. Kuna siku nilimshuku hata paka. Mimi mwenyewe sikujishuku. Unajua kwa nini? Kwa sababu masikio yangu ndiyo yaliyokuwa yanakagua kila kitu. Mkaguzi nani anamkagua?”

Kwenye amplifaya kuna kitufe cha kuzungusha kinachogawa sauti kati ya spika mbili. Waya hukiita mizani. Kikikaa katikati, zote zinapata sawa. Mama Spika alikisogeza kidogo kuelekea kushoto, gitaa likarudi karibu na dirisha. Mwezi uliofuata likafifia, akakisogeza tena. Kidogo kidogo, kwa muda wa mwaka mzima, kile kitufe kikasafiri hadi karibu na mwisho wa njia yake. Yeye kitini alikuwa amepata amani. Chumba chake kilikuwa kikubwa tena.

Halafu ikaja Jumapili moja, mchana mweupe wa jua kali.

Alikuwa ameweka santuri na kwenda kuchota maji ya kunywa. Aliporudi alimkuta mama mkwe amekaa kwenye kiti cha mto wa bluu na uzi wake mapajani, kwa kuwa pale ndipo palipokuwa na mwanga wa kufumia. Bibi akataka kunyanyuka.

“Kaa tu, mama. Leo sikiliza wewe.”

Akateremsha sindano. Bibi akasikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama, kama mtu aliyekaribishwa chakula asichokijua. Baada ya muda akasema:

“Mwanangu, nikuulize kitu usinicheke.”

“Uliza, mama.”

“Mbona hili dude la upande huu linapayuka peke yake, na lile la kule limenyamaza?”

Mama Spika alicheka. Akamweleza kwamba zinaimba sawa, ila sikio lisilozoea linaweza kudanganyika. Bibi akatikisa kichwa. Alikuwa amezeeka, alisema, lakini hajawa kiziwi. Akaitwa fundi bomba kutoka uani kuja kuamua, akiwa na mikono yenye povu. Akasimama katikati.

“Si ndivyo ilivyo siku zote?” alisema. “Tangu mwaka jana hilo la kushoto ndilo linalopiga. La kulia linanong’ona.”

“Mwaka jana? Na hukuniambia?”

“Mimi najua nini kuhusu spika, mama watoto? Nilidhani ndivyo wanaojua wanavyosikiliza.”

Kilichofuata wanakikumbuka wote watatu. Santuri ilikuwa ikizunguka, bendi ikipiga. Mama Spika aliinua kidole polepole akaliziba kwacho sikio lake la kulia. Kisha akamtazama mumewe, ambaye midomo yake ilikuwa ikicheza, na akatazama spika ya kushoto iliyokuwa karibu kupasuka kwa ukali. Kwake yeye, bendi nzima ilikuwa imehamia nyumba ya tatu.

“Niliogopa,” anasema. “Sijawahi kuogopa hivyo. Nilitamani nirudishe kidole chini nijifanye sikujua.”

*

Hospitalini walimwingiza kwenye kijichumba chenye kuta nene za sifongo, wakamvisha vipokea sauti vya masikioni na kumpa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia mlio. Hata siku hiyo, anakiri, jambo la kwanza alilowaza ni jinsi chumba kile kilivyotulia vizuri na jinsi santuri ingesikika humo. Alipotoka, daktari alikuwa na karatasi yenye mistari miwili. Wa sikio la kulia ulikuwa umeanza kuinama. Wa kushoto ulikuwa umeporomoka.

Daktari alimuuliza anafanya kazi gani. Alipomweleza, aliuliza swali moja tu zaidi: anasimama upande gani.

Ushauri ulikuwa mfupi. Avae viziba masikio kazini kila mashine inapowashwa, na akae mbali na mota iwezekanavyo. La sivyo atafute kazi nyingine.

Kesho yake alifika kazini na viziba vya rangi ya chungwa, na bosi wake akashika kiuno. Haikuwa roho mbaya. Mwendesha mashine ya kusaga anafanya kazi kwa masikio: nafaka inapokaribia kuisha mngurumo hupanda, unakuwa mkavu, na asiyeusikia kwa wakati ataiacha mashine izunguke tupu mpaka chekeche lipasuke.

“Utaisikilizaje ukiwa umejiziba?” bosi alimuuliza. “Si bora nimweke mwingine, wewe upumzike?”

Mama Spika alipiga moyo konde. Akamwambia bosi amimine nafaka mwenyewe, kiasi chochote anachotaka. Akavaa viziba, akaipa mashine kisogo, akanyoosha mkono nyuma na kuweka kiganja juu ya bati. Wateja waliacha kuzungumza kwa ishara. Bosi alimimina nusu debe, na kabla punje hazijakwisha mkono wa kushoto wa mwanamke uliinuka. Akamimina debe na robo. Mkono ukainuka tena, mahali pale pale panapotakiwa. Mara ya tatu bosi alijitia mjanja, akamimina mtama badala ya mahindi. Mkono haukuinuka. Mama Spika aligeuka, akafungua kiziba kimoja na kusema, “Huu mtama wa nani? Chekeche la mahindi litauharibu.”

Watu walishangilia hadi nje. Bosi alishindwa kujizuia akacheka, akaahidi kwamba swichi itahamishiwa mlangoni, hatua saba kutoka kwenye mota. Ahadi hiyo ina miezi mitatu sasa, na fundi umeme amekuja kupima mara mbili. Nyaya zimeshanunuliwa, ziko chini ya meza ya mizani. Mama Spika huzichungulia kila asubuhi kabla hajafunga kilemba.

*

Kazi imepata njia. Nyumbani ndipo palipokuwa pagumu zaidi.

Kwa wiki tano hakugusa santuri. Jumapili mchana alifua, alipiga pasi, alipanga kabati lililopangika. Mumewe, ambaye kwa miaka yote aliomba apate Jumapili yenye kimya, alijikuta anazunguka ndani ya nyumba kama aliyepoteza funguo. Siku moja akakikalia kiti yeye mwenyewe, akauliza kwa sauti ya kawaida, bila mzaha, eti sindano inateremshwaje.

Waya naye alisikia habari akaja na suluhisho, kwa kuwa fundi hawezi kukaa na tatizo. Angeunga waya mmoja nyuma ya amplifaya, pande mbili zichanganyike ziwe moja, kila spika itoe kila kitu. Sikio moja lingepata wimbo wote, asikose hata noti. Kazi ya dakika kumi, alisema, na bisibisi ilikuwa tayari mkononi.

Mama Spika alimwomba muda wa kufikiri. Alifikiri wiki nzima, kiganja juu ya bati la mashine. Kisha akamwambia hapana, akamshukuru sana.

“Angeunga, ningesikia vyote,” anaeleza. “Lakini vyote vingekuwa mahali pamoja. Dirisha lisingekuwa na mtu. Na wale wengine ndani ya nyumba wangesikia chumba kidogo kwa ajili ya sikio langu mimi.”

Alichofanya ni kukirudisha kitufe cha mizani katikati kabisa, pale ambapo pande zote mbili zinapata sawa. Akadondosha tone la rangi ya kucha kwenye ukingo wake ili kisisogezwe tena. Kwake yeye, gitaa la kushoto sasa linasikika kwa mbali sana, na siku nyingine halisikiki. Analijua hilo. Aliporudi nyuma kutazama alichokifanya alilia kidogo, anasema, kisha akaenda kumwita mama mkwe.

*

Jumapili ambayo makala haya yanaandikwa, saa nane mchana, bibi ndiye aliyekaa kwenye kiti cha mto wa bluu. Fundi bomba ameketi sakafuni, mgongo kwenye blanketi la ukutani. Mama Spika amejiwekea kigoda upande wa kushoto wa bibi na kumgeuzia sikio lake zima. Mwanga unaingia kupitia pazia na kulala sakafuni katikati yao. Santuri inazunguka, ya bendi ambayo wapigaji wake wengi hawapo tena.

“Huku kwangu kuna nini, mama?” anauliza.

Bibi ameacha kufuma. Amefumba macho.

“Gitaa,” anasema. “Lile jembamba. Linapanda halafu linashuka, kama linamtafuta mtu.”

“Liko wapi?”

Bibi anainua kidole kilichopinda na kuonyesha dirisha. Mama Spika anatazama huko muda mrefu.

“Na kuna kiti,” bibi anaendelea. “Nyuma ya gitaa. Kuna mtu amekaa kwenye kiti kibovu, kila akitikisika kinalia.”

Fundi bomba anainua kichwa. “Kweli. Hata mimi nakisikia. Nyi’. Hicho hapo tena. Nyi’.”

Mama Spika hajawahi kukisikia kiti hicho. Santuri hii anayo kwa miaka tisa, na ameipiga zaidi ya mara mia kwa masikio yake yote mawili, yalipokuwa bado mazima. Anamwomba mumewe airudishe sindano mwanzo. Wanasikiliza tena, na kila kiti kinapolia bibi anamgusa goti.

Mpango wake sasa ni huo, anasema wimbo ukiisha. Santuri ni hamsini na nane. Moja kila Jumapili, pande zote mbili, bibi kitini na mumewe ukutani, wamwambie kila kitu kilichoko kushoto, naye akishike kichwani kikae huko hata sikio la kulia likimwishia. Itachukua mwaka mmoja na zaidi ya mwezi. Anapanga kumwendea seremala amtengenezee viti viwili zaidi, vyenye kimo sawa na hiki, na safari hii hatalaumiwa mtu kwa kuuliza milango itakaa wapi.

“Leo ni ya ngapi?” bibi anauliza.

“Ya nne, mama.”

Bibi anahesabu kwa vidole vyake vilivyopinda, midomo ikicheza, anafika mahali anapoteza hesabu na kuanza upya.

“Basi bado ziko nyingi,” anasema hatimaye. “Mimi siendi popote. Geuza upande wa pili.”